Kwa nini aliyenaswa kwenye miba havutwi

Mzee alikuwa amelala chali hewani. Miguu haikugusa ardhi, mgongo haukugusa ardhi, na kichwa kilikuwa kimeinama chini kuliko kiuno. Kichaka kilikuwa kimemshika shati, suruali, mkono wote wa kushoto na ngozi ya kichwa. Kila alipotaka kusema neno alifumba macho kwanza, maana kijiti kimoja chenye miba miwili kilikuwa kinachezacheza juu ya jicho lake la kulia.

"Baba, tulia, tunakuja," kijana wake alimwambia.

"Nimetulia, mwanangu. Kwani naweza kwenda wapi?"

Hii ilikuwa Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, Oktoba ile ya jua kali kabla ya mvua. Mzee alikuwa amepanda mti kutundika mzinga wa gome, mzinga mtupu kwa bahati nzuri, tawi likamvunjikia mguuni akaja chini. Mti wenyewe ulikuwa umeota ubavuni mwa kichuguu, na kichuguu kilikuwa kimefunikwa na miba kuanzia chini hadi kileleni. Kichaka hicho ndicho kilichomdaka. Angeangukia upande wa pili, kwenye ardhi ngumu, nadhani siku ile tungekuwa na kazi nyingine kabisa. Ila kilipomdaka hakikumwachia, na kumtoa kulituchukua karibu saa tatu.

Naandika haya kwa sababu namna alivyotolewa ilitushangaza wengi tuliokuwepo. Hakuvutwa. Hakuna aliyefyeka njia ya kumfikia. Kuna wakati alisukumwa ndani zaidi, na ukiacha kile kijiti cha jichoni, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa shati lake, kichaka kikafuata baadaye sana. Nilipoanza kusoma habari za miba ndipo nikaona kwamba kila kilichofanyika siku ile kilikuwa na sababu yake kwenye maumbile ya kichaka chenyewe.

Miba haioti ovyo

Mgeni akisikia "pori la Tabora" hudhani ni miba mitupu. Siyo. Unaweza kutembea nusu siku kwenye miombo, chini ya mitundu na mininga, usichomwe na kitu zaidi ya nyasi. Miti ya miombo kwa sehemu kubwa haina miba. Udongo wake ni wa kichanga, umechoka, virutubisho ni haba, na mti unaoishi kwenye udongo wa namna hiyo hulinda majani yake kwa kuyafanya magumu na machungu. Miba utaikuta pale palipo na rutuba: kwenye mbuga za udongo mweusi, kama zile za Igunga upande wa Wembere, na kwenye vichuguu.

Kichuguu ni shamba lililolimwa na mchwa. Wanapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, wanaingiza mabaki ya mimea mwaka baada ya mwaka, na kichuguu kikubwa cha zamani hatimaye kinakuwa na madini mengi kuliko ardhi inayokizunguka. Kinatunza unyevu. Moto wa nyika mara nyingi unakipita pembeni. Mimea inayoota pale ina majani laini yenye lishe, na swala wanajua, mbuzi wanajua, kama ambavyo wakulima wanajua na wengine huuchukua udongo wake kuusambaza shambani. Mmea wenye majani matamu usiojilinda hauishi muda mrefu mahali kama hapo. Ndiyo maana kichuguu huvaa mtundulu, ambao wengine huuita mkulagembe, pamoja na mikunazi pori na jamii ya kikwata, mingine ikitambaa na kupanda juu ya miti ya jirani hadi usijue tawi lipi ni la nani.

Kwa hiyo mrina asali anayechagua mti mkubwa wa kwenye kichuguu, kwa sababu una kivuli na mwizi wa asali hausogelei, anatundika mzinga wake juu ya ngome. Mwizi hasogei kweli. Shida ni kwamba ngome haimtambui mwenyewe.

Mshale na ndoana

Kwa Kiswahili tunasema "mwiba" tukamaliza. Wataalamu wa mimea wanatenganisha aina tatu. Kuna tawi zima fupi lililogeuka kuwa ncha, kama la mtundulu. Kuna vile vijani viwili vidogo vya kwenye tako la jani vilivyogeuka kuwa mishale miwili miwili, kama kwenye migunga mingi. Na kuna ile inayochipua kwenye gome tu, kama ya mawaridi, ambayo mara nyingi hupinda. Kwa anayekwenda kumtoa mtu, tofauti yenye uzito ni moja: mwiba umenyooka au umepinda? Mkunazi pori, kwa ubishi wake, huota mmoja ulionyooka na pembeni yake mmoja uliopinda.

Hata jina la migunga limewahi kuzua ugomvi. Kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea mjini Vienna mwaka 2005 iliamuliwa kwamba jina la kisayansi Acacia libaki kwa miti ya Australia, na ya kwetu ikapewa majina mapya, Vachellia na Senegalia. Uamuzi ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Wengi Afrika hawakufurahi, na mimi nawaelewa. Lakini mgawanyo wenyewe una faida kwa mtu wa porini, kwa sababu Vachellia kwa kawaida wana mishale iliyonyooka na Senegalia kwa kawaida wana ndoana. Kikwata ni Senegalia.

Mshale ulionyooka kazi yake ni kumpunguzia mnyama tonge. Mbuzi anaweza kula majani ya mgunga, lakini anayadonoa moja moja badala ya kufyonza tawi zima mdomoni. Ndoana inafanya kazi nyingine. Inamkamata mnyama mdomo na ulimi wakati anavuta. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu miti ya kusini mwa Afrika ulionyesha kwamba mimea yenye miba ilianza kushamiri huku kwetu kama miaka milioni 16 iliyopita, wakati uleule wanyama wa jamii ya swala walipokuwa wanaenea. Yaani kichaka kilichomshika mzee wetu kiliumbika kwa ajili ya midomo. Shati la binadamu kimelijua juzi tu.

Shika tawi la kikwata uangalie vizuri. Ncha za ndoana zinaelekea nyuma, kwenye shina. Pitisha kidole taratibu kutoka nchani mwa tawi kwenda shinani: kinateleza juu ya migongo ya ndoana. Sasa kirudishe kutoka shinani kwenda nchani. Utakiona. Anayeingia kichakani anapita kama mgeni aliyekaribishwa, anayetoka ndiye anayedaiwa. Ni mgono wa samaki: vijiti vya mlangoni vinainama kumpisha anayeingia, na vinamgeuzia ncha anayetaka kurudi.

Hapo ndipo watu wengi wanadhani wamelielewa jambo lote, na mimi nilidhani hivyo. Kumbe kuna fundo la pili. Miba inaelekea ndani, lakini vitawi vinaelekea nje. Ukilikata tawi na kulivuta kwa upande wa shina, vitawi vinajikunja vizuri kama mwavuli unaofungwa, ila kila ndoana inakwenda imetanguliza ncha, na inamchana aliyenaswa kama reki. Ukilivuta kwa upande wa ncha, ndoana zinaachia, ila vitawi vinatanuka na kukwama kwenye matawi mengine, na kichaka kizima kinatikisika pamoja na mtu aliyemo. Ukivuta huku unaumiza, na ukivuta kule unaumiza. Njia salama ni kutolivuta tawi kabisa. Unalikatakata vipande vifupi, kila kimoja kama urefu wa kiganja, na vile vilivyoshikamana na nguo au ngozi unaviacha hapo hapo, vitoke naye.

Siku yenyewe

Vijana walikuja na mapanga na walikuwa tayari kuanza. Aliyewazuia alikuwa mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake, mtu wa maneno machache ambaye hadi siku ile tulikuwa tunamtania tu kwa fimbo yake. Alizunguka kichuguu mara mbili, akachungulia chini ya kichaka, akasema, "Wekeni mapanga chini. Mmeshawahi kumvuta mbuzi kwenye mtundulu akatoka na ngozi?"

Alichokuwa amekiona ni matawi yaliyopinda. Mtu mzima alikuwa ameangukia juu yake, na yale makubwa manne au matano yaliyombeba yalikuwa yamejikunja kama upinde uliovutwa. Kata mmoja wa pinde hizo kwa panga na mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja. Kipande kilichobaki kinafyatuka na kumchapa mtu usoni. Uzito uliokuwa juu yake unahamia kwenye matawi mengine, mwili unashuka ghafla, na ndoana mamia zinazama zaidi. Ndoana moja haiwezi kubeba mtu, inabeba uzito kidogo mno. Ni wingi wake ndio uliomshika, na wingi huo ulikuwa umejigawia mzigo sawasawa. Ukiuvuruga bila mpango unachagua wewe mwenyewe ni ngozi ya wapi itachanika.

Kuna sababu nyingine ya kuchukia panga hapo. Linaacha visiki vya mshazari, vyembamba na vikali kama mikuki, vimeelekea juu, pale pale ambapo mwokoaji atapiga magoti na ambapo majeruhi anaweza kudondoka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kumwondolea kichaka mzigo. Watu wa Zimamoto na Uokoaji hufanya vilevile kwenye gari lililopinduka: wanaliegemeza lisicheze, ndipo wanafikiria kukata. Sisi tulikuwa na magunia ya kufungia tumbaku. Tuliyajaza nyasi kavu, tukayasukuma chini yake moja moja kwa upembo, ule mti wenye ndoano tunaoangulia maembe. Gunia la tatu lilipomgusa mgongoni, mzee alishusha pumzi ndefu hadi sote tukaisikia. Matawi yaliinuka kidogo, yakalegea.

Kazi ya pili ilikuwa kumfikia bila kupita kichakani. Ilitolewa ngozi ya ng'ombe iliyokauka, ile ya kulalia, na kitanda cha kamba kutoka nyumba ya jirani. Miti miwili mirefu ililazwa kutoka kileleni mwa kichuguu kushuka juu ya kichaka, kitanda kikawekwa juu ya miti, ngozi ikatandikwa juu ya kitanda, na mfugaji yule akalala kifudifudi hapo kama mtu anayechungulia kisima. Mwiba unapenya kitambaa bila kujiuliza, lakini ngozi kavu inaukatalia, na kitanda kinagawa uzito wa anayelala ili usimkandamize aliye chini.

Kabla ya lolote aliomba ungo. Sikuelewa hadi alipouweka juu ya uso wa mzee. Kile kijiti cha jichoni alikuwa ameshakiminya kwa vidole viwili na kukikata kwa mkasi, na ungo ulikuwa kwa ajili ya vingine vyote ambavyo vingeruka. Kuanzia hapo mzee alikuwa anaongea kutoka chini ya ungo, na sauti yake ilikuwa ya kuchekesha kidogo, na alijua.

Shati lilikatwa kando ya mishono, mkono kwa mkono, kisha mgongo. Nguo ndiyo iliyoshikwa na ndoana nyingi kuliko mwili, kwa hiyo ukimtenganisha mtu na nguo yake umeshafanya nusu ya kazi, na shati halilii. Kwenye mkono wa kushoto, ambako hakukuwa na nguo ya kukata, ndipo aliposukumwa ndani. Mfugaji alimwambia, "Baba, sogeza mkono kwangu kidogo, kama unataka kuingia zaidi." Mkono ulisogea kiasi cha upana wa vidole viwili kuelekea mashina, na ndoana tano sita zikaachia zenyewe. Akazizuia kwa kipande cha gunia zisirudi. Tena kidogo. Tena. Ndoana huachia upande ule ule zilikokushikia, yaani kinyume cha ule unaotaka kwenda, na kwa mtu mwenye maumivu hilo ni agizo gumu kulitii.

Mwenye kunaswa peke yake naye afuate hivyo hivyo. Ukisikia umeshikwa, simama. Mwili unataka kujinyakua, na kila unapojinyakua nguo inatafuta ndoana mpya. Rudi nusu hatua ulikotoka, legeza nguo iliyovutika, anza na ndoana iliyo karibu na uso, malizia na za miguuni. Kama ni koti, vua koti. Utalirudia kesho.

Msumeno mdogo na mkasi wa kupogolea ndivyo vilivyomaliza kazi, kipande kwa kipande, kuanzia nje ambako hakuna mzigo kuelekea ndani. Kwa kuwa alikuwa ameanguka kutoka juu, hakuna aliyejua hali ya shingo na uti wa mgongo, na hii peke yake ilikuwa sababu tosha ya kutomvuta hata kama kichaka kingekuwa cha pamba. Mtu mmoja alishika kichwa chake kwa mikono miwili muda wote. Alihamishwa juu ya ngozi ile ile kwa pamoja, kichwa, mgongo na miguu kama gogo moja, ngozi ikawa machela.

Simu ya 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, ilikuwa imepigwa mwanzoni, na ni sahihi kuipiga mwanzoni hata kama unaamini mtamtoa wenyewe. Mwambie unayezungumza naye jina la kijiji au kitongoji, shule au zahanati iliyo karibu, na kwamba mtu amenaswa akiwa amening'inia. Neno hilo la mwisho linabadilisha vifaa watakavyobeba.

Mwiba uliobaki

Hapa watu hupumua na kuanza kuchomoa miba. Midogo ya juu juu, sawa, ivutwe kwa kufuata njia iliyoingilia. Uliozama karibu na shingo, kifuani au tumboni uachwe kama ulivyo hadi hospitali. Wa jichoni usiguswe kabisa, na jicho lisikandamizwe. Lifunikwe na kitu kama kikombe kisafi, kisichoegemea jicho lenyewe.

Pepopunda ndiyo hatari inayosahaulika kirahisi kuliko zote. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na hupenda mahali pasipo na hewa. Tundu la mwiba ni jembamba, refu, linajifunga kwa juu baada ya dakika chache: kwa vijidudu vile ni nyumba iliyojengwa tayari. Dalili mara nyingi hutokea kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, wakati mtu ameshasahau alichomwa wapi. Chanjo ipo, na aliyechomwa vibaya amweleze mganga lini alichanjwa mara ya mwisho, badala ya kusubiri aulizwe.

Jambo la mwisho linahusu picha. Kipande cha mwiba kilichobaki mwilini ni mti, na mti kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei. Mtu anapigwa picha, anaambiwa hakuna kitu, anarudi nyumbani na kiwiko kinachovimba. Ultrasaundi huona vizuri zaidi. Mwiba uliovunjikia kwenye kiungo, hasa goti, kiwiko au vidole, unaweza kukaa kimya wiki kadhaa kisha kiungo kikavimba na kukakamaa bila sababu inayojulikana, na hakitapona kwa dawa za maumivu hadi kipande cha mwiba kitolewe. Ukienda kutibiwa uvimbe wa namna hiyo, taja mwiba hata kama ni wa miezi miwili iliyopita.

Mzee alitajiwa hilo na akalipuuza. Mwezi wa kumi na mbili kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikataa kukunja, akarudi hospitali, wakatoa ncha ya mwiba isiyofika urefu wa punje ya mchele. Aliihifadhi kwenye kiberiti na alikuwa anawaonyesha wageni.

Mzinga ulibaki kule kule juu, maana alikuwa ameshaufunga kabla tawi halijavunjika. Nyuki waliingia. Wakati wa kurina ulipofika alimtuma kijana wake, akamwekea ngazi upande wa ardhi ngumu, na chini yake akapanga magunia yale yale ya nyasi.